Taima yangu ya kazi ilikuwa inanichongea: nani anaiona orodha ya tovuti ulizojizuia?

#1 Dakika25 (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mtafsiri, nalipwa kwa ukurasa, na umakini wangu ni wa kuku. Nikifungua video moja, nazinduka nimetazama sita. Kwa hiyo zaidi ya mwaka sasa natumia kiendelezi cha kivinjari (kile kiprogramu kidogo unachokiongeza kwenye Chrome au Firefox) chenye taima: dakika 25 kazi, dakika 5 pumziko, na muda wa kazi tovuti nilizoziorodhesha hazifunguki hata nilie. Mbinu yenyewe ni ya Mtaliano Francesco Cirillo, aliyeianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ndiyo maana inaitwa Pomodoro.

Wiki iliyopita intaneti ilikuwa inasuasua nikataka kujua ni nini kinachokula data. Nikaenda kwenye ukurasa wa viendelezi, nikawasha hali ya msanidi, nikabofya kukagua ile sehemu ya kiendelezi inayofanya kazi nyuma ya pazia, nikaweka macho kwenye orodha ya maombi ya mtandao. Kisha nikaanzisha dakika zangu 25.

Ombi moja likatoka. Nikasema haya, labda kinatafuta toleo jipya.

Nikajaribu kufungua tovuti niliyojizuia. Ikaja ile picha yao ya kunikemea nirudi kazini, na sekunde hiyohiyo ombi la pili likatoka. Nikalifungua kuona limebeba nini. Lilibeba namba ya kunitambulisha yenye herufi na tarakimu 36. Lilibeba saa, dakika na sekunde. Lilibeba anwani ya ukurasa niliotaka kwenda, na sisemi jina la tovuti tu, nasema anwani nzima na maneno niliyokuwa nimetafuta yakiwa mkiani. Na mwisho kabisa kulikuwa na jina la kazi niliyoiandika kwenye taima asubuhi ile: "Kiapo, kesi ya talaka, uk. 14–20", na mbele yake jina la ukoo la mteja.

Nilikaa nikaliangalia lile jina. Huyo mteja nimemsainia karatasi ya kutunza siri.

Kiendelezi sikitaji, sitaki uzi ugeuke wa kukomoana. Swali langu kwa wajuvi: hivi kitu cha kuhesabu dakika na kufunga tovuti kinahitaji kweli kujua yote hayo? Na kikijua, kina haja gani ya kumwambia mtu mwingine?

#2 Popo_wa_Usiku

Nimeweka kambi hapa. Mwenye kahawa apitishe.

#3 Chuma_Chakavu

Mkuu unakuza. Mimi sina cha kuficha. Wakijua kwamba saa nne asubuhi nilitaka kuangalia matokeo ya mpira watanifanya nini? Vitu vya bure ndivyo vilivyo, wanakusanya takwimu waboreshe huduma. Hilo jina la mteja uliliandika mwenyewe.

#4 Dakika25

Kuliandika niliandika, hapo umenishika. Lakini niliandika kwenye kisanduku kilichosema "unafanya nini sasa?", hakikusema "utupe habari za mteja wako". Nilidhani najiandikia mwenyewe, kama mtu anavyoandika kwenye karatasi ya kubandika ukutani.

#5 Bi_Subira

Nimesoma hoja ya kutokuwa na cha kuficha nikaona niseme.

Orodha yangu ina tovuti 11. Zote za kubeti. Nina miezi saba sijaweka hata senti, na hicho kiendelezi ndicho kimenishika mkono usiku ambao nafsi yangu ilikuwa imeshasalimu amri. Kuna siku nimejaribu kufungua mara thelathini na kitu, nikagonga ukuta mara zote, nikalala.

Sasa fikirieni orodha hiyo ikiwa mezani kwa mtu mwingine. Historia ya kuvinjari inasema nimepita wapi. Orodha ya kujizuia inasema mahali ninapoanguka, nimeiandika kwa mkono wangu, na hizo mara thelathini na kitu zinasema ni usiku gani ninakaribia kuanguka. Mtu anayeuza matangazo ya kubeti angelipa kwa furaha apate kitu kama hicho. Sisemi limetokea. Ila Chuma, mpira wako na orodha yangu havilingani.

#6 Chuma_Chakavu

Dada nimekusoma. Niwie radhi, niliongea kwa kujiangalia mimi.

#7 fundi_msimbo

Niingie, maana mimi nimewahi kutengeneza kitu cha aina hii na nimefanya baadhi ya makosa yanayosemwa hapa.

Tuanze na swali la mkuu: kinahitaji kujua? Kwa kuhesabu dakika, hakihitaji kitu chochote kutoka nje ya kompyuta yako. Hata haikai inahesabu tik tik tik kama watu wanavyodhani. Kwenye Chrome ile sehemu ya nyuma ya pazia inalazwa usingizi ikikaa kama sekunde 30 bila kazi, kwa hiyo ukitaka taima isiyopotea unaandika tu "itaisha saa 4:25", unamwachia kivinjari kengele, unalala. Kikiamshwa kinalia. Basi. Seva, yaani kompyuta ya msanidi huko nje, haina nafasi hapo.

Kufunga tovuti ndiko kwenye utata. Njia ya kizamani, na bado wengi wanaitumia, ni kuomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yote kwenye tovuti zote, halafu kila ukurasa unaoufungua kiendelezi kinauchungulia kikilinganisha na orodha. Unaona shida ilipo: ili kukuzuia tovuti 11 kinasoma zote, barua pepe na benki zimo. Kuna wanaoomba ruhusa ya vichupo (tabs) badala yake, wakijiona wastaarabu, lakini nayo kivinjari kinakuonya kwamba kitasoma historia yako ya kuvinjari. Na onyo liko sahihi, anwani zote zinaonekana.

Njia ya pili imekuja na Manifest V3, yaani utaratibu mpya wa kutengeneza viendelezi, inaitwa declarativeNetRequest. Hapa kiendelezi kinakabidhi kivinjari orodha ya kanuni: hii zuia, na hii zuia. Anayezuia ni kivinjari chenyewe. Kiendelezi hakioni umekwenda wapi, hakioni hata kama umejaribu. Ni kama kumwachia mlinzi wa getini karatasi ya majina halafu ukaenda zako nyumbani.

#8 Popo_wa_Usiku

Sasa kama njia ya mlinzi ipo, kwa nini wengi bado wanaomba ruhusa ya kila kitu? Au ndiyo njama yenyewe?

#9 fundi_msimbo

Mara nyingi ni ile picha ya kukemea, njama hamna.

Ukizuia kwa njia ya mlinzi peke yake, mtumiaji anaona ukurasa mkavu wa kivinjari unaosema tovuti imezuiwa. Haupendezi, na watu wanadhani mtandao umekatika, wanakuandikia nyota moja. Ukitaka kumpeleka kwenye ukurasa wako wenye picha na maneno ya kutia moyo, huko ni kuelekeza kwingine, na kuelekeza kunataka ruhusa juu ya tovuti husika. Msanidi mvivu anaomba zote kwa mkupuo. Mimi nilikuwa huyo mvivu, toleo langu la kwanza liliomba kila kitu na sikuona aibu.

Msanidi anayejali anaziweka ruhusa hizo ziwe za hiari: ukiongeza tovuti kwenye orodha, kivinjari kinakuuliza ruhusa ya tovuti hiyo moja tu. Ni usumbufu wa kubofya mara moja zaidi. Nilipobadilisha hivyo watu wawili walinitukana.

Kidokezo kwa mnaotumia Chrome hata kama msanidi hakujali: ingieni kwenye maelezo ya kiendelezi, sehemu ya ufikiaji wa tovuti, mtoe "tovuti zote" mweke "tovuti mahususi", mjaze zile za kwenye orodha yenu tu. Vingine vitalalamika, vingine vitafanya kazi kama kawaida. Kikifanya kazi kama kawaida jiulize zile nyingine kilizitakia nini.

#10 Mwalimu_Zuhura

Swali la mwanafunzi wa nyuma ya darasa. Kiendelezi changu, kwenye ukurasa wake wa duka, kuna sehemu imeandikwa kwamba msanidi hakusanyi wala hauzi data. Si inatosha?

#11 fundi_msimbo

Mwalimu, hayo ni maneno yake mwenyewe. Duka la Chrome linawataka wasanidi wajaze tamko hilo tangu 2021, na Firefox mwishoni mwa 2025 nao wameanza kudai viendelezi vipya vitamke ndani ya manifest.json, faili la kiendelezi la kujitambulisha, ni data gani vinakusanya. Ni hatua nzuri kwa sababu mtu akidanganya kwa maandishi kuna pa kumshikia. Lakini tamko halizuii ombi kutoka. Mkuu Dakika25 yeye hakusoma tamko, alitazama waya, yaani maombi yenyewe yanayotoka.

#12 Dakika25

Nilirudi kuisoma sera yao ya faragha nikiwa na hasira, kurasa tisa. Kuna sentensi inasema wanakusanya "takwimu za matumizi zisizomtambulisha mtu". Namba ya herufi 36 inayonifuata kila siku, anwani ninazofungua, na jina la ukoo la mteja wangu. Hizo ndizo zisizomtambulisha mtu.

#13 Kumbukumbu_ya_Tembo

Hapo kwenye "zisizomtambulisha mtu" ndipo napotaka kukaa, maana ni hadithi kongwe.

Agosti 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, walitoa hadharani utafutaji wa watu kama 650,000, yapata maswali milioni 20, wakafuta majina wakaweka namba. Walidhani wametenda wema kwa watafiti. Siku chache tu baadaye waandishi wa New York Times wakafuata namba moja, wakasoma alichokuwa akitafuta, wakafika hadi kwa mwenye namba. Mtu anatafuta jina la ukoo wake, mtaa wake, ugonjwa wake, na namba inamfuata kama kivuli.

Novemba 2016 ikawa zamu ya Web of Trust, kiendelezi kilichokuwa kinawaambia watu tovuti ipi ni salama. Waandishi wa NDR, shirika la utangazaji la Ujerumani, wakaonyesha historia za watumiaji zinauzwa na kwamba wenyewe wanatambulika. Kikaondolewa kwenye maduka kwa muda. Ona kejeli: watu walikiweka kwa ajili ya usalama.

Julai 2018 Stylish, cha kubadilisha mwonekano wa tovuti, kikatolewa Chrome na Firefox baada ya kubainika kinatuma kila ukurasa mtumiaji anaoufungua. Na kabla ya kuuzwa kilikuwa kitu safi kabisa, watu walikipenda.

Halafu Avast. Programu ya kuzuia virusi! Kampuni yake tanzu Jumpshot ilikuwa inauza data ya kuvinjari, ikafungwa Januari 2020 mambo yalipoanikwa, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza faini ya dola milioni 16.5. Hoja yao ya kujitetea siku zote ilikuwa ileile, kwamba majina yameondolewa.

#14 Chuma_Chakavu

Kwa hiyo dawa ni kutafuta kiendelezi cha mtu mwaminifu?

#15 Kumbukumbu_ya_Tembo

Uaminifu wa leo. The Great Suspender ilikuwa kazi ya mtu mmoja, msimbo wazi, inalaza vichupo usivyovitumia, watumiaji zaidi ya milioni mbili. Juni 2020 akauza. Mwenye mali mpya hakuhitaji kumdukua mtu yeyote, mlango ulikuwa wazi tayari: viendelezi vinajisasisha vyenyewe kimyakimya. Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa na msimbo wa hila.

fundi nisahihishe, lakini ninavyojua kivinjari kinamuuliza mtumiaji upya pale tu toleo jipya linapotaka ruhusa zaidi ya zile za mwanzo.

#16 fundi_msimbo

Sahihi. Kikiomba zaidi, Chrome inakizima hadi ukubali. Ila kama siku ya kwanza ulikipa tovuti zote, hakuna "zaidi" iliyobaki ya kuomba. Ndiyo sababu mimi nikikagua naanza na ruhusa kabla hata ya kuuliza mwenye nacho ni nani. Kiendelezi kisichoweza kuona barua pepe yangu kikiuzwa kesho, aliyekinunua naye haioni.

Nisiwe mkali kupita kiasi lakini. Ninaletewa barua za wazi kabisa: nina kompyuta mbili na simu, nataka orodha yangu na dakika zangu zionekane kote. Ni ombi halali. Kwa hilo data lazima itoke.

#17 Popo_wa_Usiku

Hilo ni langu mimi hasa. Nina mfululizo wa siku 112 bila kukosa, nikiupoteza nitalia mbele za watu.

#18 fundi_msimbo

Basi kuna ngazi. Hifadhi ya storage.local inabaki kwenye kompyuta yako. (Haijafungwa kwa siri, elewa, mtu anayetumia akaunti yako ya kompyuta anaweza kuifungua faili akaisoma.) Kuna storage.sync, inayosafiri kupitia akaunti yako ya kivinjari bila msanidi kuiona. Ni ndogo, kilobaiti 100 hivi kwa jumla, lakini orodha ya tovuti na hesabu ya siku 112 zinaenea zikabaki na nafasi. Na kuna seva ya msanidi, ambayo kwa kawaida inaletwa na ubao wa washindi, marafiki wa kushindana nao, na barua ya kila Jumatatu inayokuambia wiki jana ulikuwa shujaa.

Nilipofikia ngazi hiyo ya tatu nilijiona mjanja, nikasema sitatuma majina ya tovuti, nitayasaga kwanza yawe alama zisizosomeka. Rafiki yangu akachukua orodha ya tovuti zinazojulikana, akazisaga zote kwa njia ileile niliyotumia, akalinganisha. Alipomaliza chai alikuwa ameshasoma orodha yangu yote. Majina ya tovuti si siri, yako machache yanayotembelewa na wengi, kuyasaga hakuyafichi.

Nikafuta seva. Kilichobaki ni idadi ya vipindi kwa siku, kwenye sync. Hakuna aliyelalamika isipokuwa waliokuwa namba moja kwenye ubao.

#19 Mwalimu_Zuhura

Na sisi tusiojua kukagua waya? Kuna jaribio la mtu wa kawaida?

#20 fundi_msimbo

Zima intaneti kabisa halafu anzisha taima. Ikigoma, au ikikutaka uingie kwenye akaunti kwanza, umeshajua mwenye dakika zako anakaa kwingine. Ikikubali si ushahidi kwamba ni safi, inaweza kuwa inakusanya ikisubiri mtandao urudi, lakini hilo la kwanza linachuja wengi.

Jingine, usikiruhusu kwenye hali fiche (incognito, dirisha lisilotunza historia) bila sababu. Kwa kawaida viendelezi vimezimwa huko mpaka uwashe mwenyewe.

#21 Bi_Subira

fundi, hapo mimi nakwama. Nisipokiruhusu kwenye hali fiche, hali fiche ndiyo inakuwa dirisha langu la kutorokea. Ndiko nilikokuwa napitia zamani.

#22 fundi_msimbo

Kweli, kwako ni kinyume, nilisema kivivu. Kwako kiruhusu, ila kiwe cha ile njia ya mlinzi wa getini, kisichoona. Au weka tovuti zote 11 kwenye faili la hosts la kompyuta, lile linaloiambia kompyuta jina la tovuti liende anwani ipi, uzielekeze 0.0.0.0, anwani isiyofika popote. Hapo zinafungwa kwenye vivinjari vyote, fiche na wazi, hakuna kiendelezi wala msanidi. Ubaya wake haina taima, na faili halifungi matawi ya tovuti usiyoyaandika, yaani ukiandika jina tupu bila www lile lenye www linapita. Andika yote mawili.

#23 Mtumwa_wa_Ofisi

Kwetu kiendelezi cha aina hii tumewekewa na kampuni. Hakifutiki, kitufe cha kuondoa kimepauka. Kinatuonyesha "alama ya umakini" kila Ijumaa. Niulize tu, bosi anaona nini?

#24 fundi_msimbo

Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani, utaona ni nini kimelazimishwa. Kivinjari cha ofisi kinaweza kuwekewa kiendelezi na kikapewa ruhusa zote bila wewe kuulizwa. Chukulia anaona kila kitu unachofungua kwenye kivinjari hicho, na mambo yako binafsi yapeleke kwenye kifaa chako. Mengine ni ya wewe na mkataba wako, ulizia kwa maandishi.

#25 Dakika25

Mrejesho, wakuu.

Jana nimekiondoa. Nilipobofya kuondoa, kikafungua ukurasa wenyewe kuniuliza kwa nini naondoka, na kuna kikatuni kinalia. Nikaufunga kwa hasira.

Kisha nikawaandikia wafute kila walichokusanya juu yangu. Wamejibu haraka na kwa adabu, niwape heshima yao. Wamesema hawana jina langu wala barua pepe yangu, kwa hiyo hawawezi kujua data ipi ni yangu, isipokuwa niwape ile namba ya utambulisho ya kiendelezi.

Namba ilikuwa ndani ya kiendelezi. Kiendelezi nimekifuta. Wakati wa ukaguzi niliitazama tu, sikuinakili.

Mteja nimemwambia ukweli. Amenijibu kwa swali moja, hilo jina limesomwa na nani, na sina jibu la kumpa.

#26 Kumbukumbu_ya_Tembo

Pole sana mkuu. Kwa hiyo ukiwa ndani "hutambuliki", na ukitaka kutoka pia "hutambuliki".

#27 fundi_msimbo

Subiri kwanza. Ule ukurasa wa kikatuni. Hiyo ni anwani ambayo msanidi anaiweka mapema ifunguke kiendelezi kikiondolewa, na wengi huwa wanaibandika namba ya mtumiaji mwishoni ili wajue nani kaondoka. Ulifunguka kwenye kivinjari chako kama ukurasa wowote. Umefuta historia tangu jana?

#28 Dakika25

Sijafuta. Ngoja.

#29 Bi_Subira

Tunasubiri wote.

#30 Dakika25

Ipo. Jana saa 2:47 usiku, anwani ndefu, na mwisho wake herufi na tarakimu 36. Nimezihesabu mara mbili. Nimeinakili kwenye karatasi kwanza, halafu nimewatumia, na nimemwambia mteja nimeshawatumia.